Telefone zote zilikuwa mu besani

Mwanangu Nsimire,

Miye baba yako niko na miaka makumi saba na tisa. Nilipona kolera. Nilipona vita ya kwanza na zile zote zilikuja nyuma yake. Nilipona shimo ya Shabunda iliyoanguka juu ya wenzangu, na tetemeko iliyopasua ukuta wa chumba yako wakati ulikuwa bado unanyonya. Nimezika makaka wangu wote, na hata yule munganga aliyesema figo yangu haitamaliza mwaka. Hapa Kasha hakuna muzee mwingine wa umri yangu anayepanda kutoka ku barabara paka ku nyumba bila kupumzika, isipokuwa Papa Murhula, naye anapumzika kwa kujificha, anajifanya anafunga kamba ya kiatu.

Naandika na mukono yangu. Unajua nilisoma paka troisième primaire tu, darasa la tatu, na mwalimu wangu alikuwa anasema mwandiko yangu ni kama kuku amepita mu majivu. Barua zangu zote zinaandikwaka na binti wa Murhula, miye nasema yeye anaandika. Hii sikutaka ipite mu sikio ya muntu. Nilianza tangu juzi, nimekwisha chana karatasi nyingi za kaye ya shule. Sasa hivi umeenda kuaga wenzako wa kuimba mu korali, na mama yako iko anapiga pasi blouse zako nyeupe za kazi. Kesho asubuhi motard anakuja kukuchukua na moto, pikipiki yake.

Mambo ya chandarua na ya kuchemusha maji sitakuambia, weye ndiyo infirmière, muuguzi. Mama yako nayo atakuambia tena yote ku mulango, jiandae.

Miye nataka kuanza na besani.

Kila muntu wa avenue hii anajua: watu wakigombana mu ndoa, wakikosana na wakwe, wakishindwa kugawana shamba ya marehemu, wanakuja ku salon yangu, sebuleni. Si ku chef, si ku polisi. Kwangu. Wananiita Muzee Kaburi, na ile jina sikujipa, walinipa wenyewe, juu neno ukiliweka ndani yangu halitoki. Miaka mingapi nimefanya hiyo kazi? Weye ulikua ukipita kati ya miguu ya watu wanaolia mu salon yetu, ukienda kuchota maji. Kila muntu anasema yake, wengine wananyamaza. Mwisho tunakunywa kasiksi, pombe ya ndizi, mu kikombe kimoja, kinazunguka, na yule wa mwisho anakigeuza chini. Basi. Neno inabaki pale. Sijawahi kuandika hata moja, na si kwa sababu ya mwandiko.

Wakati telefone za kupiga picha zilifika, wazee wengi walishindwa. Miye hapana. Miye nilitunga sheria. Nilichukua ile besani ya bulu ambayo mama yako anaoshea muchele, na mbele ya kuanza ninapita nayo mbele ya kila muntu, kama wale wanapita na kikapo ya matoleo mu misa. Kila muntu anatia telefone. Mama yako anafunika na kitenge, anaingiza besani chini ya kitanda. Siku moja musoda, askari wa jeshi, alikataa, akasema telefone yake ni ya serikali. Nikamuambia basi bibi yako akakushitaki mbele ya serikali, hapa toka. Aliitia. Hakuna muzee mwingine mu Bagira nzima aliyefikiria besani. Wengine walikuja kuniiga nyuma.

Sasa unajua ninakwenda wapi.

Siku wakwe zako walitoka Kalehe kuja kukurudisha, ulikuwa umekwisha kaa kwetu wiki mbili na kile kisanduku chako kimoja, bila kusema sababu. Mama ya Bisimwa alikuwa anatangaza kila mahali kwamba mwanawe alioa mwanamuke asiyezaa na mwenye kichwa ngumu. Alitaka jibu mbele ya watu. Nilikuita mu chumba, nikakuambia sema yote, hata ile unaona haya kusema, hapa ni mu kaburi. Ulinitazama kama vile ulinitazamaka ukiwa mutoto mbele ya kupigwa sindano, ukisikiliza kama baba anadanganya. Halafu ukasema sawa. Besani ilipopita, ni weye ulitia telefone wa kwanza. Wakwe nao wakatia. Mama yako akabeba.

Na miye niliyekuwa nabeba ile besani mbele ya watu wote nilikuwa nimevaa luneti, miwani ya Trésor.

Trésor alikuwa amekuja likizo. Alizaliwa Bulaya, dada yangu alimuzalia kule, na anasema Kiswahili kama muntu anayetafuna viazi moto, lakini ni mutoto wa adabu. Ile luneti yake nyeusi, nene, nilifikiri ni ya ugonjwa ya macho. Siku ya kwanza alinionyesha: hapa ku pembe iko kajicho ka kamera, kadogo kama punje ya mutama. Unafinya hapa karibu na sikio, inakamata kila kitu unaangalia, na sauti nayo. Na huku mbele kataa, taa kadogo keupe, kanawaka. Alinieleza vizuri kabisa. Ananiita tonton, ni mujomba kwa Kifaransa. Alisema, tonton, hii taa ikiwaka ujue inakamata, waliiweka ili yule anayeangaliwa naye ajue. Niliivaa siku hiyohiyo, nikashuka nayo paka kwa Murhula. Murhula akasema nafanana na waziri aliyefukuzwa kazi. Nilimuambia wivu itamuua.

Weye unaamini kile kila muntu anaamini: kwamba Trésor alinivalisha luneti akaniambia ni za kusomea, kwamba miye muzee wa watu sikujua, na yeye akakuiba kupitia macho yangu. Miezi tano nimekuacha uamini hivyo. Nimekula chakula umepika na nimekuacha uamini hivyo.

Nsimire, nilijua.

Mbele ya wakwe kuingia, Trésor alinyosha mukono akasema, tonton, nirudishie luneti, iko réunion, kikao ya watu. Nikakataa. Nilimuambia aniache. Unataka kujua sababu, na miye nimeitafuta sababu kubwa, sikuipata. Sababu ni dada yangu. Kila mara akipiga telefone kutoka Bulaya anasema, kaka, ulibakia Kasha, ulibakia na watu wa kasiksi. Nilitaka aone. Nilitaka aone vile watu wananyamaza nikisema. Nilifinya miye mwenyewe na hiki kidole kinachoandika. Nilimuuliza Trésor kama inakamata, akasema ndiyo, na alikuwa haangalie mu macho yangu. Nikaenda kuchukua besani.

Nilisema maneno ya kufungua. Nilisema vizuri siku ile, hata Murhula alikubali. Lakini ile kitu inakamata dakika chache halafu inalala yenyewe. Kataa kakazima. Na weye ukaanza kusema.

Ulisema mimba ya kwanza ilitoka na hukuambia muntu. Sauti yako ilikuwa chini, watu wakainama ili wasikie. Na miye, mwanangu, sikuinama. Miye nilifikiri: sasa ndiyo maneno yenyewe, na luneti imelala. Nikajifanya najikuna sikio. Nikafinya tena.

Weye uliona. Katikati ya ile yote, uliona. Ukaacha kusema, ukauliza polepole:

"Papa, hiyo taa ni ya nini?"

"Ni betri, mwanangu. Endelea, papa anakusikia."

Ukaendelea. Ukasema ya pili ilitoka juu Bisimwa alikupiga teke, na ulipoona damu ulikaa chini mu choo, na ulifurahi. Ulisema hivyo tu, nilifurahi. Ulisema hukutaka mutoto aingie mu nyumba ile.

Mama ya Bisimwa aliangalia sakafu. Bisimwa alichukua kofia yake, akaanza kuizungusha mu mikono, na hawakuomba tena urudi. Walikunywa mu kikombe, wakageuza, wakaenda, na paka leo hawajarudi. Ile shauri niliikata vizuri, Nsimire. Kwa hiyo tu ningejisifu paka kufa. Ilikuwa imekwisha. Ulilala siku ile masaa kumi na mbili nzima, mama yako alikuwa anakuja kusikiliza kama unapumua.

Kesho yake Trésor aliniuliza nataka amutumie mama yake kipande gani. Akasema, "Yote, tonton?" Aliuliza mara mbili. Nikamuambia yote. Yeye alituma kwa mama yake tu. Mama yake, dada yangu, aliona aibu ya Bisimwa ni tamu sana, akaitia mu kundi ya familia ili wengine walaani pamoja naye. Mu ile kundi mumoja, na sitajua ni nani, alikata sauti yangu yote ya kujisifu, akabakiza uso yako na lile neno. Kazi yangu yote ya siku ile haikuonekana. Ni weye peke yako ulionekana.

Ile inayofuata unaijua kuliko miye. Wanawake wa soko ya Bagira walianza kuita, Nilifurahi anapita. Pharmacie, ile duka ya dawa ulipokuwa unafanya kazi, wakakuambia upumzike kidogo. Siku moja ulirudi na sukari imemwagika yote ku nguo, ukasema uliteleza. Mwanamuke ambaye hakuwahi kuzaa vizuri anaitwa kwa jina ya siku yake mbaya, na watoto wanaimba.

Na miye nilifanya nini? Nilipiga kelele. Nilimufukuza Trésor mu barabara, watu wakisimama, nikamuita mwizi, nikamuambia asikanyage tena kwangu. Avenue yote ilisema, angalia muzee anatetea binti wake. Niliwasikia, na nikaongeza sauti. Trésor alikuwa na sanduku yake mu mukono. Angesema neno moja tu. Alisema, "Sawa, tonton," akashuka. Jina yangu ilibakia nzima. Paka leo wananiletea maneno yao, paka leo wanatia telefone mu besani.

Nitakuambia ile sikuwahi kuambia hata mama yako. Wakati nilikuwa kijana Shabunda, PDG wa shimo, mwenye shimo, aliona niko na macho makali, akanitoa mu kuchimba, akaniweka kuangalia wale wanaosafisha muchanga mu maji. Kazi ya kuketi ku jiwe na kuangalia vidole. Nilijiona mukubwa. Nikamuona Kyalondawa, tuliyelala naye mu hema moja, anajikuna kichwa mara nyingi. Nikamusema kwa PDG. Walimunyoa mbele ya wote, wakapata zahabu kadogo mu nywele, kadogo kuliko kucha ya mutoto, wakamupiga na kumufukuza bila viatu. Akipita mbele yangu alisema, nilijua ni weye, juu uliacha kunitazama mu uso. Nilijiambia sitakuwa tena jicho ya muntu. Nikarudi Kasha, na nafikiri ndiyo pale nilianza kuwa kaburi. Ona sasa. Yeye Kyalondawa alijua ni jicho gani inamuangalia. Weye uliuliza, nikakuambia ni betri.

Sasa ya Shabunda.

Ulipata hiyo kazi ya dispensaire, na nilikusikia ukimuambia mama yako kwamba kule barabara ni mbaya, rezo ya telefone ni ya shida, watu ni wa porini na ku machimbo, hawana wakati ya maneno ya Bukavu. Nilikusikia ukicheka, mara ya kwanza tangu miezi. Mama yako aliniangalia, nikatoka kwenda kukata kuni ambazo zilikuwa zimekwisha katwa.

Muvulana mukubwa wa Murhula alirudi kutoka machimbo ya Shabunda jumapili iliyopita. Anasema kule hawahitaji rezo. Wako watu wenye kibanda na ordinateur, kompyuta, unawapa karti ya telefone yako, wanakujazia miziki, filme na vichekesho, na ile karti inapita kutoka shimo paka shimo. Mu vichekesho weye umo. Alikuona mara mbili, mu telefone ya watu wawili ambao hawajuane. Alinyamaza, hakusema anakujua. Alikuja kuniambia miye, juu miye ni kaburi.

Kule unakimbilia umekwisha fika, mwanangu. Umefika mbele yako.

Nilitaka kukuficha hiyo. Nilitaka uende na kicheko chako, hata kwa wiki moja. Mama yako ndiyo alikataa. Leo asubuhi alikuja kusimama mbele yangu na pasi mu mukono, akasema, "Papa Nsimire, kama haumuambie yote mbili, kesho nitamuambia miye mbele ya motard." Unamujua. Alinipa bic, kalamu yake mwenyewe.

Unangojea sasa nikuambie ufanye nini. Miaka yote watu wanakuja kwangu kwa hiyo, na sijawahi kumuacha muntu aende bila neno. Weye nakuacha uende bila neno. Nimefikiria uvae kitambaa paka ku macho, lakini mugonjwa anataka kuona uso ya infirmière. Nimefikiria ubadilishe jina, lakini uso ndiyo wanajua, jina hawakulijua hata siku moja. Nimefikiria ubakie. Ubakie ufanye nini, uoshe besani? Kungekuwa muntu wa kwenda kupiga magoti mbele yake ili aizime ile video, ningeenda na magoti haya kutoka hapa paka kwake. Murhula anasema haiko mahali pamoja, iko kama harufu. Siku ya kwanza kabisa maishani mwake amesema kitu cha akili.

Najua tu hii kidogo, na haisaidie sana. Miye sasa kila muntu anayevaa luneti namuangalia pembeni ya macho. Jumamosi nilienda kuungama. Padri alikuwa na luneti, nikamuambia atoe. Akasema, muzee, ni za kuonea. Nikamuambia toa. Akatoa, akawa haoni hata kama niko kushoto ao kuume, na pale nikaungama ile nimekuandikia. Padri akasema, unamuambia Mungu ambaye alikuwa pale. Yule hakujua ni binti yako. Nilikasirika, juu alisema vizuri kuliko miye.

Weye uliuliza. Hiyo ndiyo nataka uende nayo. Watu watakuambia ulikuwa mujinga kusema, na labda mu usiku zako unajiambia vile. Hapana. Ulitia telefone yako, ulisikia maneno ya baba yako, uliona taa, ukauliza. Ulifanya yote muntu anaweza kufanya. Hakuna kitu ulisahau. Kilichobakia kilikuwa kwangu, na miye nilijibu vile nilijibu.

Sikuombe unisamehe. Nikikuomba utanipa, nakujua, utanipa haraka juu moto inangojea, na miye nitabakia hapa nikijisifu kwa Murhula kwamba nilisamehewa. Usinipe.

Kama unataka kusema mbele ya watu kwamba ni miye, sema. Wakija kuniuliza sitakataa. Nilimutumia Trésor neno kupitia mama yako, ajue sasa naandika. Hakujibu bado.

Na kama ku njia utafikiri muzee anajiongezea makosa ili binti wake amuhurumie, juu unajua naongezaka mambo, wako wenye kushuhudia. Murhula alikuwa ku kiti ya kushoto, aliniona nikijikuna sikio ambayo haikuwasha, na alinyamaza kwa urafiki. Mama yako alikuwa ku mulango na besani ya telefone mu mikono, ananingojea nitie na luneti juu yake. Alingojea kidogo, halafu akaenda. Na Trésor ako na ile video ya mwanzo, ile hawakutia mu karti, weye ukiwa bado haujaingia. Umuombe, atakupa. Ku mwanzo hakuna uso mule ndani, ni ukuta wetu tu na kalendari ya parokia. Utasikia muzee anauliza, "Sasa inakamata?" na kijana anajibu, "Ndiyo, tonton." Halafu yule muzee anasema, "Vizuri. Sasa muite Nsimire."